Nyumba ya majani ya Epulu: jina la fundi liko wapi?

Wandugu wasomaji, mukiona sisi wa sendika ya wachimbaji tunaandika katika ukurasa huu, tayari munajua tutasema nini: bei ya zahabu kwa wanunuzi, mashimo yanayofunika vijana, barieri za barabarani ambapo kila mwenye bunduki anaomba chake. Leo tunaomba ruhusa ya kusema juu ya kitu kingine. Tunataka kusema juu ya nyumba. Ni nyumba ya msanii, ndani ya jimbo letu, na haisimame tena.

Wengine watacheka: wachimbaji na wachoraji, wapi na wapi? Mutuvumilie kidogo, mutaona.

Jambo lilianzia kwenye mkutano wetu hapa Bunia. Kijana mmoja alisimama, mwenye nguvu, mwenye familia ya kulisha, akasema: «Wakubwa, sendika iandike barua, serikali itufungulie ile pori ya okapi. Zahabu iko mingi kule. Ni pori tupu, hakuna mutu, hakuna historia, iko paka nyama na miti.» Watu walipiga makofi. Na sisi wengine tulikaa kimya, maana kijana yule hakusema juu ya tamaa, alisema juu ya njaa. Tangu vita vilipofukuza watu Djugu na Irumu, wengi wetu tumepoteza machimbo, tumepoteza mashamba, tunazunguka tu.

Lakini neno lile, «pori tupu», lilitukaa shingoni sawa mwiba wa samaki. Leo tunamjibu kijana yule mbele ya watu wote.

Tuanze na barabara. Ukitoka Bunia, unapita Komanda, unapita Mambasa, unaingia pori kubwa, mpaka unavuka daraja la muto Epulu. Pale, katika miaka ya 1930, Mumarekani mmoja jina lake Patrick Putnam alijenga makao kando ya maji. Alifika Kongo mwaka 1927 na watafiti wa chuo kikuu cha Harvard, kisha hakutaka kurudi kwao. Alifanya kazi ya kutibu watu kwa Msalaba Mwekundu, halafu akaweka kampi yake Epulu: vyumba vya wageni waliopita kwa gari, dawa kwa wagonjwa, na mahali pa kuishi karibu na Wambuti na Wabila wa vijiji vile. Watu wakaiita Kampi Putnam.

Kisha alikuja mwanamke. Anne Eisner alikuwa muchoraji, mwenye kuzaliwa Amerika mwaka 1911, na alikuwa ameshajulikana kwa kazi yake New York mbele ya kufika kwetu. Aliingia Epulu baada ya vita vya pili vya dunia, akaolewa na Putnam mwaka 1948, akajifunza Kingwana, ndiyo hiki Kiswahili chetu cha pori. Watu walimwita Madami. Alilea watoto wachanga wa Kimbuti waliokosa mama. Aliandika hadisi alizosikia. Na siku zote alichora: watu, miti, mwanga unaopita katika majani. Putnam alipokufa mwaka 1953, kampi ilianza kuanguka, na yeye mwaka uliofuata akarudi kwao. Alikuja tena Epulu mwaka 1957, akaondoka mwaka 1958. Alikufa mwaka 1967, na mpaka miaka yake ya mwisho, kule New York, alikuwa bado anachora pori ya Ituri. Mutu anaweza kutoka Epulu, lakini Epulu haimtoke.

Basi nyumba ile ilikuwa namna gani? Hapa wasomaji wa Mambasa wanaweza kutufundisha, maana ni nyumba wanayoijua. Haikuletwa kwa meli. Ilikuwa ya udongo na majani, kwa ufundi wa watu wa pale. Unasimamisha miti ardhini, unafunga fito kwa kamba za pori, unakanyaga udongo na maji kwa miguu mpaka unakamata, unaujaza kwa mikono. Juu unapanga majani ya mangongo, moja juu ya lingine. Ukingo wa paa unashuka chini sana, maana mvua ya pori haina huruma na ukuta wa udongo. Moto unaowaka ndani unatoa moshi, na moshi ule unafukuza wadudu wanaokula majani. Ndani ni giza kidogo, lakini baridi. Kazi ya mikono na ya macho mutu anaifanyia nje, barazani, chini ya paa lisilo na ukuta, ambapo mwanga unaingia pande zote na kila anayepita anasalimia. Barazani ndipo watu wanasuka, wanahukumu kesi, wanakula.

Sasa tunauliza swali ambalo sendika inaulizaka kila mahali: ni nani alijenga? Vitabu vinasema «Kampi ya Putnam», «nyumba ya Madami». Lakini Putnam hakukata majani. Madami hakukanyaga udongo. Kampi ile ilijengwa na kutengenezwa kila mwaka na mikono ya watu wa Epulu, na majina yao hayaandikwe juu ya mlango wowote. Tena tusisahau majira yale: ilikuwa koloni. Serikali ya Wabeljiki ilihamisha vijiji na kuvipanga kando ya barabara, watu walifanya kazi bila kuulizwa kama wanapenda. Muzungu mwema au muzungu mubaya, wote walijenga ndani ya mpango ule. Hatusemi hivi kwa kumtukana marehemu. Tunasema kwa sababu ndiyo hesabu ya kazi, na hesabu ya kazi haifutike kwa sababu bwana alikuwa na roho nzuri.

Sasa tunafika kwenye nyumba ya pili, na kwetu hii ndiyo kubwa zaidi, hata kama mutu anaingia kwa kuinama.

Hatua chache nyuma ya barabara, ndani ya miti, wanawake wa Kimbuti walikuwa wanajenga nyumba zao, na mpaka leo wanajenga. Kati ya Wambuti kazi ya kujenga nyumba ni ya mama. Anakata fito nyembamba, anazipanda kwa duara, anazipinda, anazisuka mpaka inakuwa sawa kikapu kilichogeuzwa. Kisha anachukua majani ya mangongo, anapasua kidogo kikonyo cha kila jani, anakining'iniza kwenye fito. Anaanza chini, anapanda juu, ili jani la juu lifunike la chini, sawa magamba ya samaki. Mvua inateremka nje, ndani panabaki pakavu. Hakuna musumari. Hakuna mabati. Jua halijazama, nyumba imekwisha. Tena wale walioishi nao wanasema: mama akigombana na jirani, anageuza tu mlango wa nyumba yake uangalie upande mwingine. Sisi wa Bunia tukigombana na jirani wa kiwanja, tunakwenda tribunali miaka sita na parseli inabaki palepale.

Mbele ya nyumba ile ndogo ndipo atelie ilipo. Baba anatoa ganda la ndani la mti, analilowesha, analipiga kwa nyundo mpaka linapanuka na kulainika kama kitambaa. Wengine wanakiita murumba, wengine pongo. Kisha mama anakaa chini, anakunja kitambaa juu ya paja lake, anachukua maji ya tunda la gardenia aliyochanganya na makaa, na kwa kijiti au kidole anaanza. Anachora mistari, nukta, utando wa buibui, kamba za pori, alama za chui. Halafu, katikati, anaacha nafasi wazi, bila kitu. Hajasahau pale, ni yeye amechagua kupaacha, na nafasi ile ndiyo inafanya jicho lipumzike. Mara nyingine mama wawili wanachora kitambaa kimoja, kila mmoja na mkono wake, na kitambaa hakigombane.

Vitambaa hivyo, wandugu, leo viko katika nyumba za makumbusho za Ulaya na Marekani, nyuma ya vioo, chini ya taa. Mwaka 1991 kule Paris, makumbusho ya Dapper yalifanya maonyesho mazima juu ya maganda yaliyochorwa na Wambuti wa pori letu. Vitu alivyokusanya Anne Eisner vilikwenda makumbusho makubwa ya New York. Karatasi za Putnam zinachungwa Harvard, ndani ya maktaba. Na kando ya kitambaa, kwenye kile kikaratasi kidogo, mara nyingi munasoma: «Wambuti, Ituri». Munasoma labda jina la aliyekusanya, labda jina la aliyetoa zawadi. Jina la mama aliyekaa chini na kitambaa juu ya paja lake halipo.

Hapa sisi wachimbaji tulishituka, maana jambo hili tunalijua kwa mwili wetu. Zahabu ya Kilo ilianza kuchimbwa mwaka 1905. Zaidi ya miaka mia moja, wababu zetu, baba zetu na sisi tumetoa zahabu Kilo, Mongbwalu, Moto. Tuliishi katika nyumba za kampi, zilizopangwa mistari, nyumba ambazo siku ya kufukuzwa kazi ulitoka na mukeka wako. Zahabu ikafika mbali, ikapigwa muhuri. Muhuri unaonyesha uzito, usafi, jina la kiwanda. Jina la mutu aliyeingia shimoni haliko. Wazee wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mama wa Epulu na muchimbaji wa Mongbwalu wameibiwa daftari moja.

Kwa hiyo tunapomtetea mama yule, hatufanye kazi ya sanaa na kuacha kazi ya sendika. Ni kazi ileile. Yeye ni mfanyakazi. Ana ufundi uliofundishwa na mama yake, ana vyombo vyake, ana mahali pake pa kazi. Na mahali pake pa kazi ni pori yenyewe. Ukikata miti ile, umefunga atelie yake. Ukitia merkure katika muto, umetia sumu katika maji anayolowesha maganda na kunywesha watoto. Mutu akifunga kiwanda bila kusema na wafanyakazi, tunaitaka mgomo. Sasa iweje tufunge kiwanda cha mwenzetu kwa mikono yetu wenyewe, na kusema ni pori tupu?

Tunajua kijana wetu atajibu: «Pori ile inalindwa kwa ajili ya okapi na Wazungu.» Tusikilize neno hili, maana lina ukweli ndani. Pale Epulu, mwaka 1952, serikali ya koloni iliweka kituo cha kukamata okapi kwa ajili ya bustani za wanyama za Ulaya na Amerika. Okapi alipelekwa kwa ndege, mwenyeji akabaki na kazi ya kuchimba mitego. Mwaka 1992 hifadhi ya okapi ilianzishwa, mwaka 1996 ikaandikwa kwenye urizi wa dunia, mwaka 1997 ikawekwa kwenye orodha ya urizi unaohatarishwa. Katika maandishi mengi yale, mutu anaonekana nyuma ya mnyama. Watu wakisikia kila siku kwamba okapi anahesabiwa na wao hawahesabiwe, hasira inazaliwa. Na hasira ile wenye bunduki wanajua kuitumia. Tarehe 24 juni 2012 wanamgambo walishambulia Epulu, wakaua watu, walinzi wa pori wakiwa kati yao, wakachoma nyumba, wakaua okapi 14. Nani alipata faida? Muchimbaji mdogo hakupata hata gramu. Waliopata ni wafanya biashara wa pembe na wa zahabu ambao hawalalake porini.

Vilevile leo. Pori ikifunguliwa, hatutaingia sisi wa kwanza. Tumeshaona mahali pengine: sisi tunaingia na majembe na bashe la plastiki, tunajenga vibanda, tunapata gramu mbili tatu. Miezi haijapita, mashine zinafika, zinageuza muto juu chini, na sisi tunaambiwa tuondoke. Nyumba ya Mumbuti ikiachwa, mvua mbili tatu, majani yanaoza, fito zinaanguka, miti inarudi. Nyumba ya udongo ya Madami vilevile: ikikosa mikono, inarudi udongo. Lakini kampi ya machimbo ikiachwa, inabaki na mashimo yenye maji ya kijani, plastiki, chupa, na malaria. Tuseme ukweli hata kama unatuuma: kati ya nyumba zote tulizotaja leo, yetu ndiyo inaacha kidonda.

Basi sendika inasema nini? Hatutasema tu «musiende» halafu tuende kulala. Njaa haisikilize hotuba.

Kwanza, hatutaandika ile barua. Sheria ya tarehe 11 februari 2014 juu ya kuchunga viumbe inakataza kuchimba ndani ya hifadhi, na sisi hatuwezi kudai sheria ya kazi asubuhi na kukanyaga sheria nyingine mangaribi. Lakini serikali nayo isitumie sheria ile kwa mwenye jembe peke yake. Kama mashine kubwa zinafanya kazi ndani au kwenye mipaka ya hifadhi, zitoke kwanza zile, ndipo askari amfukuze kijana mwenye karai.

Pili, kodi ya madini inasema wachimbaji wadogo wapewe maeneo yao ya kuchimba, yenye mipaka na karatasi. Tupewe maeneo hayo kweli, mahali penye zahabu, na sio mahali ambapo kampuni zimeshakamua na kuacha mawe matupu. Kijana mwenye mahali pake pa halali hatakwenda kujificha Epulu.

Tatu, na hapa tunarudi kwenye nyumba yetu. Kinshasa ilipata makumbusho makubwa ya taifa mwaka 2019, vizuri sana. Lubumbashi watu wanakumbuka atelie ya Le Hangar, na majina ya wachoraji wake, Pilipili Mulongoy, Bela, Mwenze Kibwanga, yameandikwa na yanatajwa mpaka leo. Ituri je? Tunaomba baraza moja Epulu, kando ya muto ule. Hatuombi jumba la vioo. Baraza la miti na majani ya mangongo, lijengwe na watu wa pale, walipwe mshahara wa halali, na paa libadilishwe kila linapochoka, ili ufundi usife. Ndani wamama wakae wachore mbele ya wageni, wauze wao wenyewe, bei waseme wao. Na kila kitambaa kiandikwe jina la mama aliyekichora na jina la baba aliyepiga ganda. Daftari lile likae Epulu, nakala ije Bunia.

Na wale wenye kuchunga picha na karatasi zetu kule Harvard na New York, hatuwagombeze. Wamechunga vizuri, pengine sisi katika vita hivi tungekwisha kupoteza. Lakini watutumie nakala. Siku hizi picha inatembea kwa simu kutoka Bunia mpaka Beijing kwa dakika moja, haiwezi kushindwa kutoka New York mpaka Mambasa. Wazee wa Epulu wakiziangalia, watasema: huyu ni bibi yangu, huyu ni fulani aliyejenga ile baraza. Majina yatarudi. Wazee wale wanapungua kila mwaka, na daftari la kichwani halina nakala.

Tunajua kuna wasomaji wanaoishi katika mahema ya wakimbizi hapa mjini, wanasoma haya na kusema: sisi hatuna nyumba, nyinyi munalilia nyumba ya muchoraji aliyekufa. Wandugu, hatuwasahau. Lakini mutu aliyekimbia Djugu, ukimuuliza nini kinamuuma, atakuambia habari za nyumba yake: mlango ulikuwa huku, jiko kule, mti wa avoka nyuma. Nyumba ni ushahidi kwamba mutu aliishi mahali. Wakitaka kuchukua ardhi yako, kwanza wanasemaka hapakuwa na mutu.

Kijana wetu wa mkutano, tunakujibu hivi: pori ile haiko tupu. Mama yuko pale, amekaa mbele ya nyumba yake ya majani, kitambaa kiko juu ya paja, kazi inaendelea. Ukipita, msalimie kama unavyomsalimia mfanyakazi mwenzako, kisha umuulize jina lake.